Juu ya nini mtoto anajikuna usiku kucha?



Siku ya kilo, wakati tunamvua mtoto nguo ili apande mizani, tunaona mengi ambayo nguo ilificha. Tunaona miguu yenye vipele vidogo vigumu, vingine vipya na vyekundu, vingine vya zamani vilivyobaki madoa meusi. Tunaona alama za kucha. Na mbele hatujauliza neno, mama anasema: "Mama munganga, mutoto huyu iko na damu mubaya. Nimeisha kumupa dawa yote." Anafungua kitambaa, na ndani mna pomadi ya soko, vinini vya rangi mbili visivyo na jina, na chupa ya maji ya majani. Pesa ya mihogo ya wiki mbili imekwenda humo, na mtoto angali anajikuna.

Basi soma karatasi hii polepole, au uombe mtoto wako wa masomo akusomee.

Kwanza ujue hili: damu ya mtoto si mbaya. Hakuna damu chafu inayotafuta mlango wa kutokea kwa ngozi. Mara nyingi vipele vya namna hii vinaletwa na wadudu wanaouma: mbu, kiroboto, kunguni, na vidudu vidogo vya kando ya mito. Ngozi ya mtoto inakasirika kwa sababu ya mate ya mdudu. Ukisikia waganga wakisema "alerji" au "prurigo", wanasema jambo hilo.

Mate ya mdudu

Mbu anayeuma ni jike peke yake. Anatafuta damu ili mayai yake yakomae. Anapoingiza mdomo wake katika ngozi anatia mate kidogo, ili damu isigande na aweze kunywa haraka. Kiroboto na kunguni wanafanya vile vile. Tone hilo la mate ni dogo sana, jicho haliwezi kuliona. Lakini mwili unalijua kwamba ni mgeni.

Mwili wetu una askari wake. Wengine wanakaa ndani ya ngozi, na wamebeba dawa fulani inayoitwa histamini. Askari hao wakitambua mate ya mdudu, wanamwaga histamini pale pale. Mishipa midogo ya damu inafunguka, maji yanatoka na kuingia katika nyama, na ngozi inavimba, inakuwa nyekundu na inawasha. Uvimbe wa kwanza unatokea kwa dakika 20 hivi, na unaweza kupotea kabla ya saa kupita. Kiisha, siku ya pili, kinakuja kipele kigumu kinachowasha zaidi, na hicho kinakaa siku nyingi. Kwa hiyo mtoto aliyeumwa jumamosi usiku anaweza kujikuna sana jumapili na jumatatu, na mama anatafuta sababu katika chakula cha jumapili. Sababu ilikuwa ya jumamosi.

"Lakini tunalala wote pamoja, juu ya nini yeye tu?"

Swali hili mama wengi wanatuuliza, na ni swali la akili. Baba, mama na watoto wanne wanalala katika nyumba moja, wawili wako juu ya mkeka mmoja, na mtoto mmoja tu ana vipele. Jirani wanasema ni urogi, au wanasema mama wa mtoto ni mchafu. Jibu ni hili: wote wanaumwa, lakini miili yao haiko katika darasa moja.

Mtoto mchanga sana, siku mbu anapomwuma mara ya kwanza, mwili wake haujui bado mate hayo. Hakuna kipele, au ni alama ndogo tu. Akiumwa mara nyingi, mwili unajifunza, na askari wanaanza kukasirika. Hapo ndipo vipele vinavyokaa siku nyingi vinaanza. Hasa ni watoto wa miaka 2 mpaka 7 wanaoteswa hivyo. Baadaye, kisha miaka ya kuumwa tena na tena, mwili unazoea. Askari wanaona mate yaleyale na kunyamaza. Ndiyo maana wewe, mama, unaumwa na kunguni walewale na huoni kitu asubuhi. Wewe umemaliza masomo hayo, mtoto bado.

Na jambo hili linaeleza lingine. Mtu anayehamia mahali papya, penye wadudu wa namna nyingine, anaweza kuanza upya kama mtoto. Tunaona hivyo kwa jamaa waliokimbia vita na kulala katika shule, makanisa au kambi. Mtoto aliyekuwa na ngozi safi kijijini anafika mahali watu wamesongana, na katika wiki chache miguu yote imejaa. Mama anafikiri ni maji ya pale, au huzuni. Mara nyingi ni viroboto na kunguni wa pale.

Kuna jambo moja tena linalowadanganya wamama. Vipele vya zamani, vilivyokwisha kulala, vinaweza kuamka. Mdudu mmoja anauma leo kwenye mguu, na vipele vya wiki iliyopita kwenye mkono na kiuno vinaanza kuwasha upya. Mama anahesabu vipele 20 na kusema moskitere haina kazi. Pengine moskitere ilifanya kazi vizuri, na ni mdudu mmoja tu aliyepita.

Usimnyime mtoto chakula

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni hapa mtoto anapoweza kupotea.

Mtoto akiwa na vipele, watu wengi wanasema: ondoa mayai, ondoa samaki, ondoa karanga, maharagi yanaleta upele. Bibi anasema, jirani anasema, hata mwuza dawa anasema. Mama anatii, kwa sababu anampenda mtoto. Mwezi unapita, miwili, mitatu. Vipele vinabaki, maana wadudu hawakuondoka. Lakini mtoto anakula ugali wa mihogo na sombe isiyo na kitu ndani. Mihogo inajaza tumbo, lakini haijengi mwili. Miguu inaanza kuvimba, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, mtoto hachezi tena, analia bila nguvu. Hiyo ni bwaki. Alikuja na ugonjwa wa kiroboto, akapewa ugonjwa unaoua.

Ni kweli kwamba chakula kinaweza kuleta alerji kwa watu wengine. Lakini hiyo ina namna yake. Inakuja upesi, mara nyingi kwa dakika chache mpaka saa 2 baada ya kula, na inarudi kila mara mtoto anapokula chakula kilekile. Uvimbe wake unahamahama: sasa uko tumboni, halafu mgongoni, na kesho hakuna alama. Pengine midomo inavimba. Vipele vya wadudu havihami. Vinakaa pale pale, vinakuwa vigumu, kila kimoja na tundu dogo katikati. Kama unashuku chakula fulani, uje utuambie. Usikate vyakula peke yako nyumbani. Ndagala, mayai, karanga, soya na maharagi ni matofali ya mwili wa mtoto, na ngozi pia inajengwa kwa hayo ili ipone.

Tafuta mdudu kwa kuangalia mahali alipouma

Mvue mtoto nguo zote mchana, penye mwanga. Vipele vilivyo chini ya goti, karibu na kifundo cha mguu, vitatu vitatu au kwa mstari mfupi, vinatuonyesha kiroboto. Huyo anaruka toka chini. Huku milimani, kwenye baridi ya Lubero na Butembo, viroboto ni wengi, hasa mahali mbuzi, kuku, mbwa au dende wanalala katika nyumba ya watu. Vipele vya uso, shingo na mikono, sehemu zinazobaki wazi wakati wa kulala, pengine kwa mstari kama mshono, ni vya kunguni. Tafuta usiku na taa, katika nyufa za kitanda na pindo za godoro. Utaona madoa madogo meusi kama wino, hayo ni mavi yake. Vipele vilivyotawanyika popote pasipo nguo ni vya mbu, na kule chini Uvira, Kalemie na bonde lote la Ruzizi hakuna haja ya kuuliza sana. Vidudu vyeusi vya kando ya maji yaendayo kwa nguvu vinauma mchana. Hivyo vinaweza pia kuleta ugonjwa wa macho ule unaoitwa upofu wa mto, kwa hiyo dawa yake inapogawiwa kijijini, uwe kwa mstari.

Kucha ndizo zinafanya ubaya

Kuumwa kwenyewe si jambo kubwa. Ubaya unaanza na kucha. Mtoto anajikuna, ngozi inafunguka, na chini ya kucha kuna udongo na vidudu visivyoonekana. Siku mbili, na kipele kimekuwa kidonda chenye maji. Halafu linakuja gamba la manjano kama asali iliyokauka, na vidonda vinazaa vingine kando. Ndugu anayelala naye anapata pia.

Wamama wengi wanasema: "Ni vidonda tu, vitaisha." Lakini baadhi ya vidudu hivyo vinaweza kuudhi figo. Wiki tatu hivi baada ya vidonda, hata kama vimeanza kukauka, mtoto anaamka asubuhi na uso umevimba, hasa kuzunguka macho. Anakojoa kidogo, na mkojo una rangi ya chai nyeusi au maji ya kuoshea nyama. Ukiona hivyo usingoje siku ya kilo. Lete mtoto siku ileile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mama haitaki pesa. Kata kucha za mtoto fupi, kila wiki, na umnawishe mikono na sabuni. Mtoto mdogo unaweza kumvika soksi safi mikononi usiku. Osha vipele na vidonda kwa maji safi na sabuni mara mbili kwa siku, polepole, bila kusugua kwa jani au jiwe. Kausha kwa kitambaa chake mwenyewe. Kama kunawasha sana, chovya kitambaa safi katika maji ya baridi, kamua, na uweke pale dakika 10. Baridi inafunga mishipa midogo na kutuliza ngozi. Rudia mara utakavyo. Tunajua kwamba mama anapenda dawa ya kununua kuliko maji ya baridi, lakini jaribu mbele ya kucheka.

Habari ya dawa

Ile dawa ya maji yenye rangi ya waridi, kalamini, ni nzuri kupaka juu ya vipele ambavyo havijafunguka. Kinini cha kuzuia histamini, kama klorfeniramini, kinasaidia mtoto alale. Lakini kinapewa kwa kadiri ya kilo na miaka yake, na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe bila munganga kumwona. Kinini kingine cha namna hiyo, prometazini, kisipewe kamwe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu kinaweza kuzuia pumzi yake usingizini. Usigawe kinini cha mtu mzima kwa macho.

Pomadi ya hidrokotizoni asilimia 1, kidogo tu, kwa siku chache, munganga anaweza kukupa kama vipele ni vibaya. Hiyo ni nyingine kabisa na pomadi kali za soko, zile ambazo wanawake wananunua ili kuwa weupe. Nyingi zina dawa ya nguvu sana ya jamaa hiyohiyo. Mama anampaka mtoto, na siku ya tatu anafurahi: vipele vimelala! Anaendelea. Kiisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, vidonda vinaenea chini kwa chini bila kuonekana, na dawa inapita katika damu na kulegeza mwili wote. Vinini vya deksametazoni vinavyouzwa kimoja kimoja katika vibanda vina hatari hiyo pia, na zaidi. Vinanyamazisha askari wote wa mwili, hata wale wa kupigana na kifua kikuu na malaria. Wala usiombe shindano ya penisilini kwa vipele visivyo na usaha. Penisilini inaua vidudu vya usaha, haitulizi alerji.

Madoa meusi yanayobaki nayo hayataki dawa. Yanafifia yenyewe kwa miezi, kama mtoto haumwi tena.

Sasa mambo ya kuacha. Usipake mavi ya ngombe, majivu ya pile, mafuta ya taa, tumbako iliyotafunwa au kitunguu saumu kibichi. Mengine yanachoma ngozi, na mavi yanaweza kuleta pepopunda. Usimchanje mtoto na wembe ili "damu mbaya itoke". Wembe uliopita kwa watu wengi unaweza kubeba ukimwi na ugonjwa wa ini. Na jambo moja ninalisema kwa nguvu: dawa ya shamba, ile ya kupuliza nyanya na maharagi, isiingie kitandani. Watu wanainyunyiza juu ya godoro ili kuua kunguni, au wanaosha nayo kichwa cha mtoto chenye chawa. Inapita katika ngozi. Mtoto anatoa mate mengi, anatapika, anatoka jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, na pumzi inashindwa. Hiyo ni sumu. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi, na mkimbize hospitali.

Si kila kipele ni cha mdudu aumaye

Upele ule unaoambukiza unakaa kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, matakoni na sehemu za siri, na watu wa nyumba nzima wanajikuna usiku. Huo unatoka kwa kadudu kanakochimba ngozi, na dawa yake inapakwa watu wote wa nyumba siku moja, hata baba anayesema yeye hana kitu. Jipu lenye tundu katikati, linalochezacheza, mara nyingi lina buu ndani yake. Inzi fulani anataga mayai katika mchanga au juu ya nguo zilizoanikwa chini. Paka vazelini juu ya tundu, buu litatoka kutafuta hewa. Tena piga pasi nguo na nepi zote, hasa kwenye mishono. Kadudu kembamba chekundu na cheusi kinachotembea shingoni hakiumi. Ukikiponda, maji yake yanachoma ngozi kama moto. Kipulize kianguke, kiisha osha kwa sabuni.

Mpox ni jambo zito zaidi. Nchi yetu inaijua tangu mwaka 1970, wakati ilipoonekana kwa mtoto mmoja kule Basankusu, na mwaka 2023 namna mpya ilianza Kamituga, Kivu Kusini, ikaenea mpaka nchi jirani. Katika Agosti 2024 shirika la afya duniani, OMS, lilitangaza hatari kwa mataifa yote. Tangu hapo wamama wengine wanaficha mtoto mwenye vipele vya viroboto kwa kuogopa watu, na wengine wanasema "ni mbu tu" wakati mtoto anaungua na homa. Angalia hivi. Vipele vya wadudu vinawasha, na mtoto anacheza, anakula, hana homa. Mpox mara nyingi inakuja na homa, maumivu ya mwili na tezi zilizovimba shingoni au kwenye kinena. Vipele vyake vinauma kuliko kuwasha, ni vigumu kama vimepandwa ndani, vinajaa maji halafu usaha, na vinaweza kutokea usoni, kinywani, viganjani na kwenye nyayo. Hapo usimpeleke kati ya watoto wa kilo. Mfunike ngozi kwa nguo, mwambie munganga toka mlangoni, naye atakuonyesha mahali pa kungoja.

Surua nayo ina homa, kikohozi na macho mekundu, na inaanza usoni na nyuma ya masikio. Kwa wamama wa Ituri, upande wa Rethy na Mahagi, neno moja zaidi: kule viroboto vya panya vinaweza kubeba tauni. Mtu aliyepata homa ya ghafla pamoja na uvimbe wenye maumivu makali kwenye kinena au kwapa, hasa kama panya wamekufa nyumbani, aende hospitali siku ileile. Tauni inapona kwa dawa ikishikwa mapema. Wala usimguse panya mfu kwa mkono mtupu.

Na homa, hata pamoja na vipele vya mbu, ipimwe malaria. Kati ya nchi zote, ni Nigeria peke yake inayotupita kwa wagonjwa wa malaria. Mbu mmoja anaweza kuleta mambo mawili kwa mdomo mmoja.

Nyumba

Bila kazi ya nyumbani dawa zote ni bure. Watoto walale chini ya moskitere yenye dawa, pindo zimeingizwa chini ya mkeka. Moskitere mpya itandazwe kivulini siku moja kabla ya kuitumia, la sivyo inaweza kuwasha uso. Ifuliwe kwa sabuni ya kawaida, ndani ya beseni, mbali na ziwa na mto kwa sababu dawa yake inaua samaki, na ikauke kivulini. (Wale wanaovulia sambaza na moskitere ya mtoto wanajijua.)

Nyama wa nyumbani walale katika kibanda chao. Najua huku wezi ni wengi na mbuzi ni benki ya mama. Kama hamna namna, weka hata ukuta wa matete kati yao na watoto, na fagia kila siku baada ya kunyunyiza maji, kisha siliba sakafu kwa udongo mara kwa mara, maana mayai ya viroboto yanakaa katika vumbi. Kwa kunguni, toa kitanda nje, mwaga maji yanayotokota katika nyufa zote, chemsha mablanketi yanayoweza kuchemshwa, na urudie kisha siku 10 hivi, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Jua peke yake haliwatoshi. Ongea pia na jirani wa ukuta mmoja, la sivyo watarudi kwako jioni.

Nyuki na nyigu

Hapa mambo yanabadilika, kwa sababu sumu ya nyuki inaweza kuua mtu mwenye alerji kwa muda mfupi kuliko kupika ugali.

Nyuki anaacha mwiba wake ndani ya ngozi, na mfuko wa sumu unaendelea kusukuma. Uondoe upesi, kwa kucha au kwa kitu chochote ulicho nacho. Upesi ni bora kuliko namna. Kiisha osha na uweke maji ya baridi. Mkono ukivimba wote, hata ukakaa hivyo siku kadhaa, ni alerji ya mahali pamoja. Unatisha macho, lakini kwa kawaida hautaki penisilini.

Hatari ni wakati mwili wote unajibu. Mtoto ameumwa mguuni, na vipele vikubwa vinatokea tumboni na mgongoni. Midomo au ulimi unavimba. Sauti inakauka, pumzi inapiga filimbi, anatapika, anakuwa baridi, anazimia. Usitafute maziwa, usitafute majani, usingoje baba atoke shamba. Mlaze chali na uinue miguu yake. Kama anashindwa kupumua, mwache akae. Akizimia, mlaze ubavuni. Usimsimamishe wala kumtembeza, abebwe. Mfike kituo chochote cha afya kilicho karibu, hata kidogo, na mseme neno moja: "adrenalini". Hiyo ndiyo dawa, inapigwa kwa shindano katika nyama ya paja. Vinini vya alerji havitoshi hapo. Na akipata nafuu, asirudishwe nyumbani mara moja, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Mtoto aliyeumwa na nyuki wengi pamoja aletwe hata kama hana alerji, maana sumu imekuwa nyingi.

Mtoto aliyepona namna hiyo anaweza kuanguka tena siku nyingine akiumwa na nyuki mmoja. Basi mwombe munganga aandike kwa wino mwekundu juu ya kadi yake ya kilo: ALERJI YA NYUKI. Mwonyeshe mwalimu wake. Na siku mnapokwenda shamba la mbali kulala huko, kadi isibaki nyumbani.